Ndege Mmoja, Kamera Mbili

Mwanamume anayeamka kabla ya jogoo, katika baridi ya Juni ya Sumbawanga, akavaa makoti mawili na kutoka kwenda kuangalia ndege ambao hatawatega, hatawala wala hatawauza, mwanamume huyo ana jambo. Ndivyo alivyoamini Kalista, na mimi sijui mwanamke wa Izia, mtaa wao, ambaye angeamini vingine.

"Jana ulikwenda, juzi ulikwenda," alimwambia mumewe, Fransisko, akipuliza kuni mbichi. "Hao ndege hawachoki kuangaliwa?"

"Wale korongo wawili wamerudi bondeni. Safari hii wana kinda."

"Wana kinda. Kwa hiyo wewe ndiye mkunga?"

Fransisko akacheka, akafunga kamba za viatu. Kamera ilikuwa shingoni tayari, ndani ya koti kama mtoto mchanga. Aliinunua kwa kiinua mgongo, mwaka ule shirika lao la umma lilipopunguza watu na yeye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Akapiga picha za pasipoti na za kipaimara, mambo yakaenda, mpaka alipotokea kijana mmoja sokoni na kamera inayotapika picha papo hapo. Wateja wote wakahamia huko. Nani asubiri wiki mbili picha irudi kutoka Mbeya, wakati kuna inayokauka ukiipepea?

Tangu hapo Fransisko alikuwa analima, anabeba mizigo, anafanya lililopo. Lakini asubuhi zake alikuwa amezitoa kwa chama. Wapiga Picha za Ndege wa Ufipa, ndivyo walivyojiita, jina refu kuliko chama chenyewe, maana walikuwa watu saba tu. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Marselino, mstaafu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi walikutana kwake, wakanywa chai, wakatazama picha, zile nzuri wakazibandika kwenye albamu. Basi. Hawakuuza hata moja.

Hapo ndipo Kalista aliposhikwa na wasiwasi. Zilikuwa siku za soko huria, kila kitu kimepata bei, hata mavi ya ng'ombe wa Wasukuma kule Mwazye yalikuwa na mnunuzi. Halafu watu saba wazima, wenye akili zao, wanakaa na kufanya jambo lisilo na faida? Haiwezekani. Faida ipo, ila wameificha.

"Baba Stefania," alisema, "niambie ukweli. Hao watu wanakulipa nini?"

"Hawanilipi."

"Basi wanakulisha nini?"

Fransisko akainama kupita mlangoni, akaondoka. Binti yao Stefania, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa anakunywa uji huku akimtazama mama yake.

Aliyekuja kumsaidia Kalista kushuku alikuwa Vicent, mtoto wa baba mdogo wa Fransisko. Vicent alikuwa na lori, na mtu mwenye lori siku hizo alikuwa mtu kweli. Serikali ilipoacha kununua mahindi yote, magunia ya ukoo mzima na ya majirani yalifika sokoni kwa lori la Vicent au yakaliwa na mdudu dumuzi nyumbani.

Alipiga hodi mchana, akakalia kigoda, akakataa togwa, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Shemeji, mimi si mtu wa maneno."

Kalista alijua kwamba anayeanza hivyo amekuja na kapu zima.

"Umekiona kile kibanda bondeni, kwenye pembe ya shamba lako?"

"Nimekiona. Baba Stefania anasema ni cha kujificha, ndege wasiwaone."

"Ndege!" Vicent akapiga paja. "Shemeji yangu, umezaliwa hapa hapa. Bondeni kwetu kibanda hujengwa na nani?"

Jibu Kalista alikuwa nalo. Kibanda hujengwa na mwenye shamba. Mtu akitaka kutia mkono kwenye ardhi ya bondeni huanza na kibanda cha nyasi, eti cha kuamia ndege. Msimu wa pili anapanda maboga mlangoni. Msimu wa tatu anakuuliza wewe unapita wapi.

"Na lile daftari lao umelisoma?" Vicent akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Wanaandika tarehe, wanaandika mahali, wanaandika hatua ngapi kutoka kwenye lile jiwe jeupe. Hatua, shemeji! Ndege anapimwa kwa hatua? Hao wanapima shamba. Yupo mkubwa nyuma yao anayelitaka bonde. Sasa kikulacho ki nguoni mwako. Na yule nesi Herieth anayekaa na mumeo humo kibandani..." Akainuka, akajipangusa suruali. "Hilo mimi simo."

Akaenda zake. Kalista akabaki na togwa ya watu wawili.

Lile shamba lilikuwa ekari mbili, aliachiwa na marehemu baba yake, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Karatasi halina. Tangu ruzuku ya mbolea iondolewe, mashamba ya juu yalikuwa yanatoa mahindi ya saizi ya vidole, lakini bondeni udongo ulikuwa mweusi na haukumwomba mtu mbolea. Kalista alililima Kifipa, kwa vilima vya kufukia nyasi, kama mama yake na bibi yake. Nyumba ile yote, ada ya Stefania, chumvi, sabuni, ilitoka mle. Bonde likiondoka, wangebaki na kamera.

Jioni alilitafuta daftari kwenye mfuko wa koti, akalipata. *Machi 9. Bonde la Kalista. Korongo 2. Hatua 40 kutoka jiwe jeupe. H. na F.*

Akafunua. *Machi 16. H. na F.* Akafunua tena. *H. na F.*

"Huyu H. ni nani?"

Fransisko hakukasirika hata kidogo, na hilo nalo likamtia shaka zaidi. "Ni Herieth. Ni sheria ya chama, mama Stefania. Ndege mmoja, kamera mbili. Filamu inaungua, filamu inapotea kwenye basi, nyingine inarudi nyeusi. Mwalimu alishapoteza mwaka mzima namna hiyo. Kwa hiyo tunakwenda wawili wawili, kila mmoja na kamera yake."

"Kamera mbili," alisema Kalista. "Na kibanda kimoja."

*

Herieth alikuwa nesi wa zahanati, mjane, mtu wa kwao Kipili ziwani, mrefu, mwenye maneno machache. Jumatano, siku ya kliniki, Kalista alikwenda bila mtoto wa kupima. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na vichanga vyao. Akasimama katikati, akapandisha sauti.

"Eti nesi, chanjo ya leo ni ya watoto au ya waume za watu?"

Benchi zima likaguna. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Herieth alikuwa ameshika mtoto kwenye mizani. Akasoma uzito, akauandika kwenye kadi, akamrudishia mama mtoto wake. Ndipo akamtazama Kalista.

"Leo ni surua," alisema. "Anayefuata."

Kalista alirudi nyumbani akiona ameshinda. Ila ushindi wenyewe haukumshibisha.

Jumapili iliyofuata alisema anaumwa kichwa, misa ya kwanza hataiweza. Fransisko na Stefania wakatangulia. Kamera ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, maana Padri alikuwa hataki kamera kanisani bila harusi. Kalista akaishusha. Akatoka nayo uani, kwenye jua, ambalo asubuhi ile lilikuwa kali pamoja na baridi yake.

Alikuwa mke wa mpiga picha, alijua filamu inakufaje. Akabonyeza, mgongo wa kamera ukafunguka. Akaushika ule utepe wa kahawia, akauvuta, akauvuta tena, mpaka wote ukamwagika juu ya kitenge chake kama utumbo wa kuku. "Pimeni sasa," alisema kwa Kifipa.

Fransisko aliporudi aliukuta utepe mezani. Kalista alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maneno ameyapanga mstari. Mwanamume yule akavuta kigoda, akakaa. Akaanza kuuviringisha utepe polepole, wakati hauna kazi tena.

"Filamu ile nilikuwa naipiga tangu Machi," alisema. "Picha thelathini na sita. Ilikuwa imebaki mbili."

"Upimaji wenu umekwisha."

"Upimaji gani?"

"Muulize mkubwa wenu."

Fransisko akamtazama kama mtu anayesikia lugha ya nchi nyingine. "Walikuwemo korongo," alisema, "na vingine." Vingine vipi hakusema, na Kalista kwa kiburi hakuuliza.

*

Siku kumi baadaye Stefania alirudi mbio kutoka bondeni, jembe begani, hana pumzi.

"Mama, shamba letu wamelilima!"

Kalista alikwenda akikimbia, mtandio ukabaki njiani. Kweli, lilikuwa limelimwa. Jembe la ng'ombe lilikuwa limepita ekari zote mbili, limevisawazisha vilima vyake vyote, hakikubaki hata kimoja. Mabua ya mahindi, mizizi ya maharage, kila alama ya mkono wake ilikuwa imefukiwa. Kwenye mpaka aliketi kijana wa ng'ombe aliyekodiwa, akamsalimu kwa adabu, shikamoo mama. Alipoulizwa nani kakutuma, akajibu bila kuficha chochote: "Mzee Vicent. Kasema ni shamba lake jipya."

Akakaa chini kwenye udongo ule ule mweusi. Vicent. Aliyekataa togwa.

Kamati ya ardhi ilikaa Alhamisi, watu watano kwenye meza moja, na nje watu wamejaa madirishani. Vicent alisimama na koti lake zuri. Alisema bonde lile limeachwa misimu mitatu, na utaratibu unajulikana, ardhi iliyoachwa hupewa mwenye uwezo wa kuiendeleza. Yeye ana uwezo.

"Mwongo!" Kalista akaruka. "Mwaka huu nimevuna mahindi na maharage mle!"

"Ndugu wajumbe," alisema Vicent kwa upole wa kuudhi, "kama shamba lilikuwa na mwenyewe, angekubali vipi watu wa ndege wajenge kibanda humo? Pale palikuwa pori la korongo. Hata hao wapiga picha walipafuata kwa sababu ni pori."

Mwenyekiti akawageukia majirani wa bondeni, mmoja mmoja. Uliona huyu mama analima? Mmoja akatazama viatu vyake. Wa pili akasema yeye mwaka huu macho yanamsumbua. Wa tatu akasema hakumbuki vizuri. Walikuwa wamevuna, magunia yalikuwa ndani, na lori lilikuwa moja. Kalista aliwaelewa, na hasira ya kuwaelewa ilikuwa mbaya kuliko hasira nyingine.

"Mama," mwenyekiti akasema, "unacho kitu chochote? Karatasi? Stakabadhi? Chochote cha kuonyesha ulilima mwaka huu?"

"Nina mikono yangu."

Watu wakacheka dirishani. Mwenyekiti hakucheka. Akampa mpaka Jumatatu.

Njiani kurudi, mtu na mkewe walitembea hadi walipofika kwenye bomba la maji. Hapo Fransisko akasimama.

"Kitu kilikuwepo," alisema.

"Kitu gani?"

"Shamba lako. Tarehe tisa Machi, mahindi yamefika kifuani, korongo mbele. Lilikuwa kwenye filamu."

Kalista akashika bomba kwa mikono miwili, na baridi ya chuma haikumshtua. Alijiona uani, jua usoni, anavuta. Mkono wake mwenyewe! Vicent alilifuta shamba kwa ng'ombe, lakini kwanza yeye alikuwa ameshalifuta kwa vidole.

"Nimekwisha," alisema. "Mungu wangu, nimekwisha."

Fransisko akasema, bila kumtazama: "Ndege mmoja, kamera mbili. Filamu ya mwenzangu ilikwenda Mbeya tangu Mei, ikarudi."

"Basi nenda ukamwombe."

"Nenda wewe. Mimi sikumtukana."

*

Jumatatu ilipita, kamati ikiwa imeongeza siku. Jumatano tena, kliniki. Mabenchi yale yale, na nusu ya nyuso ni zile zile. Kalista aliingia, kina mama wakaanza kugusana viwiko. Akaketi mwisho wa foleni bila mtoto mapajani. Herieth alimwona, akaendelea na mizani. Akapima mtoto wa kwanza, wa kumi, wa ishirini. Kila Kalista alipotaka kusogea, nesi alisema, "Anayefuata," kwa mtu mwingine. Mama mmoja mwenye mapacha akauliza kwa sauti, "Eti, na yeye leo kaja kuchanjwa?" Chumba kikalipuka kwa kicheko. Kicheko hicho alikipanda yeye, sasa alikuwa anakivuna.

Adhuhuri walibaki wawili. Kalista akasimama.

"Sista, nimekuja kukuomba radhi."

"Umekuja kuomba picha," alisema Herieth akiosha mikono.

"Nimekuja kwa yote mawili. Radhi ningeileta hata kama picha haipo." Akasita. Alijua anadanganya, na akaona nesi naye anajua. "Hapana. Nisingekuja. Lakini nimekuja."

Herieth akafuta mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akafungua droo, akatoa bahasha. Alikuwa ameshaiweka tayari, labda tangu Alhamisi, maana habari za kamati Izia nzima ilikuwa nazo.

Picha ilikuwa ya rangi. Mbele korongo wawili, taji za dhahabu vichwani. Nyuma yao vilima vya kufukia nyasi, safu kwa safu, mahindi yamefika kifuani, maharage chini yake. Na katikati ya mahindi mwanamke ameinua jembe, kitenge cha jubilei ya parokia kiunoni. Nyuma ya karatasi ulikuwepo mhuri wa duka la Mbeya na tarehe yake.

"Siku ile ulinikasirisha," alisema Herieth. "Korongo wametulia, mara wewe unainuka nyuma na jembe. Picha yenye mtu haiingii kwenye albamu ya chama, ni sheria. Nilikuwa niitupe."

"Na... mwenzako? Yeye alipiga ngapi?"

"Mimi nilipiga moja nikasubiri uondoke. Mumeo hakusubiri. Alipiga tatu. Filamu ilivyo ghali, nikamwambia, baba, unaharibu, mtu yumo. Akasema hizo si za albamu." Herieth akafunga droo. "Nilidhani ameshakuonyesha."

Kalista alitaka kusema asante. Kilichotoka ni kilio, kilio cha sauti, pale pale kwenye mizani ya watoto, na nesi akamsogezea kiti, akatoka kwenda kufunga dirisha.

*

Siku ya Jumatatu ilikuwa imeshapita, lakini Mwalimu Marselino alikuwa amekwenda kumwombea siku nne, akakubaliwa, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wake darasa la tatu. Ijumaa picha ilipita mkono kwa mkono mezani. Daftari la chama likawekwa kando yake, tarehe kwa tarehe, hatua kwa hatua. Zile hatua zilizoitwa upimaji ndizo zilizoonyesha kwamba korongo wale walisimama ndani ya ekari zile na si kwingine.

"Shemeji," alisema Vicent mlangoni, baada ya uamuzi, akijaribu kutabasamu, "ilikuwa ni kutoelewana tu. Sisi ni ndugu."

"Ndugu kabisa," alijibu Kalista. "Tena ahsante kwa kunilimia. Ng'ombe wako wana mkono mzuri."

Watu wakacheka, na safari hii walicheka pamoja naye.

Jumapili ya mwisho wa mwezi alikwenda na mumewe kwa Mwalimu. Kuingia chama kile hakukuwa na kiingilio. Mgeni alipewa daftari, akaandika mstari mmoja wa alichokiona kwa macho yake, basi amekuwa mwenzao. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, chai imemiminwa, Herieth anagawa mihogo. Kalista alikaa karibu na Fransisko. Mwalimu akamsogezea daftari na kalamu.

"Karibu, mama. Hapa hatuulizani faida. Andika ulichokiona."

Kalista akainama. Mkono wake wa kushoto ukagusa mkeka, ukafika karibu na kamera iliyokuwa imelala kati yake na mumewe.

Fransisko alikuwa anazungumza na Mwalimu, hata hakugeuka. Mkono wake ulishuka wenyewe, ukaichukua kamera, ukaihamishia upande wa pili, mbali na mkewe. Akaendelea na mazungumzo.

Kalista aliona. Herieth naye aliona, akajishughulisha na mihogo. Chai ikapoa kidogo.

Kisha Kalista akaandika, kwa herufi za mtu asiyeshika kalamu mara kwa mara: *Julai 28. Bonde la Kalista. Korongo 2 na kinda.* Mwisho wa mstari, pale wengine walipoandika herufi mbili, yeye akaandika moja, ya kwake, akaacha nafasi ya herufi ya pili.